Jina linalofika kabla ya kijana mwenyewe

Mvulana anayekulia Moshi au Arusha anaweza kuitwa shoga miaka mingi kabla hajajua moyo wake unaelekea wapi. Huitwa hivyo kwa sababu ya sauti nyembamba, kwa sababu ya mwendo, kwa sababu anapenda kukaa jikoni na dada zake kuliko kwenda uwanjani, au kwa sababu tu alikataa kupigana na mtu aliyemchokoza. Wanaomwita hivyo hawajaona tendo lolote wala hawajasikia neno lolote kutoka kinywani mwake. Na wapo wavulana wengine, wenye mabega mapana na sauti nzito, ambao hawajawahi kuitwa hivyo hata siku moja, ingawa wenyewe wanajua kwamba mioyo yao haielekei kule ambako wenzao wanadhani. Jina hili basi halipimi kile linachodai kukipima. Nimefanya kazi ya ualimu kwa muda mrefu katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, sehemu kubwa ya muda huo nikiwa mwalimu wa malezi na unasihi, na ninaandika kwa sababu naamini kwamba jina hili, kwa namna tunavyolitumia, linawafunga midomo watoto wa aina mbili tofauti ambao wote wanatuhitaji.

Mmoja wa watoto hao ni kijana wa miaka 17 ninayemfahamu tangu akiwa anabebwa mgongoni. Anasoma kidato cha tano, ananiita Shangazi kama walivyo watoto wengi wa marafiki zangu, na ameniruhusu niandike aliyoniambia ilimradi nisitaje jina lake, shule yake wala kata anayoishi. Alianza kwa kunieleza kwamba yeye hana shaka tena juu ya nafsi yake. Wenzake walipoanza kuzungumza juu ya wasichana alikuwa akinyamaza, kisha akajifunza kuigiza mazungumzo yao, na kadiri alivyozidi kuigiza ndivyo alivyozidi kufahamu kwamba anaigiza. Hakufundishwa na mtu, wala hakuna mtu aliyemgusa. Alipokuwa akiniambia hayo aliyarudia maneno mawili, “hakuna mtu,” kama shahidi anayejua atakakoshambuliwa.

Jambo lililomuumiza zaidi, hata hivyo, lilitokea akiwa na miaka tisa. Ilikuwa Desemba, familia yote imepanda nyumbani mlimani Kilimanjaro kama ilivyo kawaida yetu Wachaga, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeiva, na wavulana wameitwa nyuma ya nyumba kusaidia kuchinja na kuchuna mbuzi. Yeye alipewa kazi ya kushika miguu ya nyuma. Mbuzi alipolia, mtoto aliachia mikono akageuka pembeni. Baba yake mkubwa hakumgombeza. Alicheka tu, akamwambia mbele ya wote aende jikoni akamenye ndizi na mama zake, kisha akatamka lile jina. Kijana anasema alikwenda jikoni, akapewa kisu, na utomvu wa ndizi ukamganda vidoleni akiwa anajiuliza lile neno maana yake ni nini. Hakuthubutu kumuuliza mama yake. Mwaka uliofuata alipopanda mlimani, binamu zake wadogo walikuwa wameshalijua.

“Shangazi,” aliniambia, “mimi neno lenyewe silikatai. Ninachokataa ni kwamba walikuwa nalo kabla yangu.”

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko hotuba nyingi nilizosikia juu ya suala hili, kwa upande wowote. Tumezoea kubishana kama ushoga ni wa kwetu au umeletwa. Mmoja husema ni desturi ya Wazungu; mwingine hujibu kwamba kilicholetwa na Wazungu ni sheria yenyewe inayoukataza, kwani maneno ya Kanuni zetu za Adhabu yana asili yake katika kanuni ambazo Waingereza walizitungia India mwaka 1860, zikatumika Tanganyika, kisha zikarithiwa na kanuni za mwaka 1930, wakati Uingereza yenyewe ilianza kuliondoa kosa hilo kwa watu wazima mwaka 1967. Hoja hiyo ya pili ina ukweli wa kihistoria, lakini zote mbili zinamwacha nje mtoto aliyeshika kisu cha kumenyea ndizi. Yeye hakuletwa na meli yoyote. Amezaliwa hapa, bibi yake ndiye aliyemfundisha kusali, na anaelewa Kichaga kuliko wengi wanaomwambia kwamba si wa hapa.

Sheria ni vizuri tuijue inavyosema, kwa kuwa wengi wetu huitaja bila kuisoma. Kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu tendo, yaani kuingiliana kinyume cha maumbile. Adhabu yake, baada ya mabadiliko yaliyoletwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Ni miongoni mwa adhabu nzito kabisa tulizonazo. Hata hivyo hakuna kifungu kinachomtia mtu hatiani kwa jinsi anavyojihisi, kwa sauti yake, kwa mwendo wake, wala kwa kumweleza shangazi yake kilicho moyoni. Mtaa ndio uliojitungia makosa hayo. Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wampelekee majina, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa mwanzoni mwa Novemba kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Kijana wangu wakati huo alikuwa shule ya msingi. Tangazo lilimfikia kupitia redio ya daladala. Taarifa ya Wizara hakuisikia kamwe. Anachokumbuka ni wenzake wakicheza mchezo wa kuandika majina kwenye karatasi wakati wa mapumziko, na jina lake likiwa la kwanza.

Ninafika sasa kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha matatizo yetu. Katika mazungumzo ya Watanzania wengi, magazetini, kanisani, msikitini na kwenye vikao vya wazazi, ushoga na ulawiti wa watoto huzungumzwa kama kitu kimoja. Mzazi anayesema anahofia ushoga shuleni, ukimsikiliza kwa utulivu, mara nyingi anachohofia ni mtoto wake kuingiliwa na mtu mzima au na mwanafunzi mkubwa. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana mmoja kati ya saba. Katika darasa la wavulana 40 hao ni watano au sita, wameketi mbele yako wakinakili maelezo ubaoni.

Waliofanyiwa ukatili na mtu mwenye nguvu kuliko wao hawana uhusiano wowote na swali la nani anampenda nani. Lakini kwa kuwa tumevitia vitu viwili kwenye kapu moja, mvulana aliyelawitiwa anajua kwamba siku atakayosema ndiyo siku atakayoitwa shoga. Nimekaa na wavulana wa namna hiyo. Swali la kwanza hawaniulizi kama aliyewafanyia atakamatwa. Wananiuliza kama wao sasa wamekuwa. Wengi huchagua kunyamaza, na mhalifu anaendelea na mwingine. Upande wa pili, kijana kama huyu ninayemwandika, ambaye hajamgusa mtu na hajaguswa, anatazamwa kama hatari kwa watoto wadogo, anahamishwa bweni, anakatazwa kuwafundisha hesabu wa kidato cha kwanza. Neno moja limempa mwathirika aibu ya mhalifu, na asiye na kosa limempa tuhuma ya mhalifu. Mhalifu mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mtu mzima mwenye mke na heshima mtaani, neno hilo halimfikii.

Ndiyo maana hatua tunazochukua mara nyingi zinapita kando ya tatizo. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu ya maadili, na mwezi uliofuata huduma ya bweni kwa wanafunzi wa chini ya darasa la tano ikasitishwa. Hatua ya pili naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mtoto wa miaka saba mahali pake ni karibu na mzazi. Ya kwanza sioni ilimlinda nani dhidi ya nani. Kijana wangu hakusoma hata kimoja kati ya vitabu hivyo.

Wazazi wengi hutaka kujua kwanza kama mtoto huzaliwa hivyo au huharibiwa. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu nusu milioni, haukupata jeni moja inayoamua jambo hili. Ulionyesha mchanganyiko wa vinasaba vingi vyenye athari ndogo ndogo pamoja na mambo mengine yasiyo ya kurithi. Anayesubiri kipimo cha maabara hatakipata. Kwa upande mwingine, wataalamu wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani walichunguza mwaka 2009 juhudi za kubadili mwelekeo wa watu na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba zinafanikiwa, huku baadhi ya waliopitia juhudi hizo wakieleza kuumizwa nazo. Shirika la Afya Duniani liliuondoa mwelekeo huu kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Ninayataja haya kwa sababu hapa kwetu juhudi hizo zipo, ingawa hatuziiti hivyo: mkesha wa maombi ambako mtoto anasukumwa hadi aanguke, dawa ya kunywa kutoka kwa mganga, likizo nzima ya kubeba mawe ili awe mwanaume. Kijana wangu alipitia la kwanza na la tatu. Hakubadilika. Alichojifunza ni kuficha vizuri zaidi, na kwa macho ya familia hiyo ikahesabiwa kuwa kupona.

Najua nazungumza na watu wa dini, na mimi ni mmoja wao. Sidai kwamba mafundisho ya makanisa yetu au ya Uislamu juu ya ndoa yamebadilika. Januari 2024 mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika yalieleza wazi kwamba hayataona inafaa kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, na Walutheri wa nchi hii walishaweka msimamo wao juu ya ndoa miaka mingi nyuma. Lakini Katekisimu ileile ya Kanisa Katoliki inayofundisha kwamba matendo hayo ni dhambi inaagiza, katika namba 2358, kwamba watu hao wapokelewe kwa heshima na huruma, na kwamba kila dalili ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Papa Francis alisema hadharani Januari 2023 kwamba kuwa hivyo si jinai. Nimehudhuria ibada nyingi Moshi na nusu ya kwanza ya fundisho hilo nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi. Nusu ya pili nilibidi kuisoma mwenyewe.

Kijana ana malalamiko pia dhidi ya upande ambao ungedhaniwa kuwa wake. Simu yake imemletea majina mengine, yenye bendera na rangi, na watu wa mbali wanaomwambia kwamba akitaka kuwa huru sharti ajitangaze. Alijaribu kuyavaa majina hayo akaona yanambana hapa na kumpwaya pale, kama sare iliyoshonwa bila kuchukuliwa vipimo. Anasema anaelewa kwamba yaliwasaidia walioyatunga, na kwamba usiku mmoja wa upweke yalimsaidia hata yeye, kwa kuwa alijua kumbe hayuko peke yake duniani. Ila hataki kuishi akijieleza kwa neno moja, liwe la matusi au la sifa. Msomi atamuunga mkono: neno “homosexual” ambalo Wazungu wanalitumia leo lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869, katika kijitabu cha mwandishi Karl Maria Kertbeny cha kupinga sheria ya adhabu ya Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, na mtafiti Alfred Kinsey alipowahoji maelfu ya wanaume wa Marekani aliona haiwezekani kuwagawa katika makundi mawili, akaweka mwaka 1948 kipimo cha mwelekeo chenye ngazi za kuanzia sifuri hadi sita. Wanadamu walikuwapo kabla ya makabati haya, na wengi hawakutoshea humo.

Kuhusu kujitangaza, aliniuliza kama amwambie mama yake. Nilimwambia asimwambie sasa. Najua wapo watakaoniona mwoga, lakini ada yake inalipwa na baba mkubwa yuleyule, anaishi katika nyumba ambayo si ya mama yake, na hakuna mahali popote mjini hapa ambapo mtoto wa miaka 17 aliyefukuzwa kwao kwa sababu hii anaweza kulala usiku ule bila kuuza kitu. Ukweli wa moyo wake ni mali yake. Ana haki ya kuutunza hadi atakapokuwa na kitasa cha mlango wake mwenyewe, na kuutunza huko si uongo. Wanaomhimiza kutoka mbali hawatakuwapo stendi ya Moshi begi lake litakapotupwa nje. Na nilimwonya juu ya jambo jingine ambalo nimeliona likiwaangamiza wenzake: wageni wa mtandaoni wanaojifanya marafiki, wanakusanya maneno na picha, kisha wanadai fedha ili wasimwambie baba. Kijana asiye na mtu mzima mmoja wa kuzungumza naye ndiye windo lao rahisi. Watu hao wanaishi kwa ukimya wetu.

Sisi Wachaga tunalo jani la sale. Anayekuja nalo mkononi kuomba radhi, hata kama amekosa kiasi gani, wazee hufundisha kwamba asifukuzwe. Nimeona ugomvi wa mashamba wa miaka mingi ukimalizwa kwa jani hilo. Nimeona pia, katika ukoo uleule, mtoto ambaye hakumkosea mtu akifungiwa lango. Siwezi kuyapatanisha mambo hayo mawili, na sijamkuta mzee aliyeweza.

Arusha, umbali wa saa mbili kwa basi kutoka hapa, ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 4 Desemba 2020 mahakama hiyo ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria za uzururaji, zile zinazomwezesha askari kumkamata mtu kwa kuwa anaonekana hana kazi wala makazi, na ikasema zinakwenda kinyume cha Mkataba wa Afrika na pia cha mkataba wa Afrika wa haki za mtoto, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa alilolitenda. Maoni hayo hayakumhusu kijana wangu, na sitaki kuyapa maana ambayo majaji hawakuyapa. Kanuni iliyomo ndani yake, hata hivyo, ndiyo anayoiomba: apimwe kwa matendo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa azimio lake namba 275 la mwaka 2014, ilikwisha kulaani ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao, uwe wa kweli au wa kudhaniwa. Hayo maneno ya mwisho, wa kudhaniwa, yangemfaa yule mtoto wa miaka tisa. Na hatuhitaji hata kwenda Arusha. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza kumbagua na kumtesa, na inamtaka mzazi ampe chakula, makazi na elimu. Hakuna mahali inaposema “isipokuwa”.

Ninachokidai kwa sasa ni kidogo na kinawezekana bila kugusa ugomvi mkubwa wa kitaifa. Mwalimu wa unasihi leo hana mwongozo unaomsaidia mwanafunzi wa namna hii anapobisha hodi. Akija mtoto aliyelawitiwa, njia inajulikana: hospitali mapema iwezekanavyo, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ustawi wa jamii, namba 116 ya kupiga bure. Akija mtoto ambaye hakufanyiwa wala hakufanya lolote, bali anasema tu jinsi anavyojihisi, walimu wengi hukimbilia njia ileile: wanamwita mzazi, wanaitisha kikao cha nidhamu, na ifikapo jioni shule nzima inajua. Nimeshuhudia mwanafunzi akiacha shule wiki tatu kabla ya mtihani kwa sababu ya kikao cha namna hiyo, na aliyekiitisha aliamini kwa dhati kwamba anasaidia. Mwongozo unatakiwa utenganishe kesi hizo mbili kwa maneno yasiyo na utata, umwambie mwalimu kwamba katika ile ya pili hakuna kosa la kuripoti na siri ya mwanafunzi haitolewi kwa mtu yeyote, mzazi akiwemo, pale ambapo kuitoa kunaweza kumpotezea mtoto makazi au shule. Kijana wangu atafanya mtihani wa kidato cha sita mwakani. Anataka kusomea famasia na kufungua duka la dawa hapahapa Moshi, si ughaibuni, na hajaniomba nimtafutie njia ya kuondoka.